Kamera za Siri na Haki ya Mtu Kusitiriwa



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Ajuaye yaliyo dhahiri na yaliyofichika, Asitiriye aibu za waja Wake hali ya kuwa Anaziona zote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, mlio misikitini na mlio majumbani mkitusikiliza, tunakuusieni pamoja na kuziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu, katika hadhara za watu na katika upweke. Maudhui yetu ya leo yanahusu jambo ambalo wazee wetu hawakulikuta, lakini hukumu zake zimo katika mafundisho waliyoturithisha. Nalo ni kamera inayofichwa: kamera iliyotiwa katika kifungo cha shati, au katika mkoba, au katika miwani, ambayo mwandishi wa habari huingia nayo mahali pa watu, akapiga picha na kunasa maneno yao bila ya wao kujua, kisha akayatangaza ulimwengu mzima ukaona. Je, huyu ni mpelelezi wa aibu za watu, aliyekatazwa na dini? Au ni mtetezi wa wanyonge, mwenye kuondoa munkari? Hili ni suali la haki, wala halijibiwi kwa neno moja. Basi tulitazame kwa utulivu.

Kwanza tuanze na asili. Katika Sura ya 49, Al-Hujuraat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu amewakataza waumini mambo matatu, moja baada ya jingine: kudhaniana vibaya, kupelelezana, na kusengenyana. Wanavyuoni wetu wametuzindua tuutazame mpango huo. Dhana mbaya ndiyo mama. Huzaa upelelezi, kwani aliyekwisha mshuku mwenzake hatatulia mpaka amchungulie. Na upelelezi huzaa masengenyo, kwani aliyechungulia hatatulia mpaka asimulie. Kisha Mola wetu akalifananisha tendo hilo na kula nyama ya ndugu aliyekufa, yaani mtu asiyeweza kujitetea. Nanyi mnajua kuwa mtu aliyepigwa picha naye hana habari, hakika ni kama maiti huyo: hajijui kuwa ameguswa, wala hana la kusema.

Tena katika Sura ya 24, An-Nuur, aya ya 27 na ya 28, tumefundishwa kuwa nyumba isiyokuwa yetu haiingiwi ila kwa idhini na salamu, na tukiambiwa turudi, basi turudi, wala tusione vibaya. Watu wa pwani yetu waliishika amri hii hata wakaijenga kwa mawe na chokaa. Zitazameni nyumba za kale za Lamu. Mlango haukutazamishwa moja kwa moja na vyumba vya ndani. Mgeni hukuta daka kwanza, akaketi hapo, na njia ya kuingilia ikapindishwa ili mpita njia asiyaone ya watu wa nyumba. Wanaume wakapokewa barazani. Na mtoto mdogo kabisa akafundishwa kupiga hodi mara tatu, akisikia kimya, arejee alikotoka. Haya si mapambo ya mji tu. Ni dini iliyoingia katika kuta.

Tena idhini hiyo haikuwekwa kwa ajili ya miguu tu, bali kwa ajili ya macho. Amepokea Sahl bin Saad (r.a.), na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim, kuwa mtu mmoja alichungulia katika tundu la mlango wa Mtume (s.a.w.), naye Mtume alikuwa na kichanio cha chuma akijikuna kichwa. Mtume alipojua, alimkemea kwa ukali mkubwa, akambainishia kuwa hodi imewekwa kwa sababu ya jicho. Mzingatie, ndugu zetu, kuwa Mtume wakati ule hakuwa katika jambo la aibu. Alikuwa anajikuna kichwa tu. Basi yule asemaye, "Asiyekuwa na la kuficha hana la kuogopa," na ajue kuwa kauli yake haina mahali katika dini yetu. Sitara si kifuniko cha wakosefu peke yao. Ni haki ya kila mtu, mwema kwa mkosefu, ndani ya mlango wake. Na kamera iliyofichwa ni jicho lisilopiga hodi.

Pili, tuwatazame waliotutangulia. Imepokewa katika vitabu vya adabu kisa maarufu cha Sayyidna Umar (r.a.), naye ni Khalifa mwenye mamlaka yote mkononi, kuwa usiku mmoja alisikia sauti katika nyumba, akaparamia ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Alipomkemea, yule mtu alimjibu kuwa, "Ikiwa mimi nimeasi mara moja, wewe umeasi mara tatu: umepeleleza, umeingia pasipokuwa mlangoni, wala hukutoa salamu." Umar akaikubali hoja, akamwacha, mtu naye akatubia. Na Abdullah bin Masuud (r.a.) aliletewa habari za mtu ambaye ndevu zake zilisemwa kuwa zinatona pombe, naye akajibu kuwa tumekatazwa kupeleleza, lakini jambo likitudhihirikia tutalishika. Hiyo ndiyo kanuni: la dhahiri hukemewa, na la siri huachiwa Mwenye kujua siri.

Naye Mtume (s.a.w.) amemwambia Muawiya (r.a.), kwa maana yake, kuwa ukizifuatafuata aibu za watu utawaharibu. Ni hekima kubwa hii. Mtu ambaye kosa lake limesitirika bado ana haya, na mwenye haya bado ana njia ya kurudi. Akisha kuvuliwa nguo mbele ya watu, nini tena cha kumzuia? Wazee wetu wamesema, siri ya maiti aijuaye mwosha. Na mwosha mwaminifu hufa na siri hiyo.

Ndugu Waislamu, lau tungeishia hapa, tungekuwa tumesema nusu ya haki. Na nusu ya haki huenda ikawa kinga ya dhalimu. Kwani wako watu ambao wakisikia maneno haya watafurahi kwa sababu mbaya: mla rushwa, mwuza watoto, mpiga wagonjwa, wote watasema, "Tusitirini, dini imekuamrisheni." La! Sitara ya Kiislamu haikufanywa kuwa ghala la kuwekea dhulma. Katika Sura ya 4, An-Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu amebainisha kuwa hapendi maneno mabaya yatangazwe, kisha akamtoa katika katazo hilo aliyedhulumiwa. Na Imamu An-Nawawi ametaja sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa ubaya wake, na miongoni mwao ni kushitaki dhulma, kuomba msaada wa kuondoa munkari, na kuwatahadharisha watu na shari. Tena wazee wakasema, mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na katika jambo hasa la kupeleleza, Al-Mawardi, mwanachuoni mkubwa wa Baghdad aliyefariki mwaka 450 wa Hijra, sawa na 1058, ameandika juu ya mipaka ya muhtasib, yaani msimamizi wa masoko na maadili. Akasema kuwa muhtasib hana ruhusa ya kupekua yaliyofichika. Lakini akatoa jambo moja: ikiwa mtu mkweli amemletea habari kuwa kuna uovu unaotendeka faraghani ambao ukishapita haurekebishiki, kama mtu aliyechukuliwa mahali pa faragha ili auawe, basi hapo anaruhusiwa kupeleleza na kufanya haraka, kwa kuhofia lisilorudi. Tuyashike maneno mawili ya mwanachuoni huyu: habari ya mkweli, na jambo lisilorudi. Hizo ni mizani zetu leo.

Tuzitumie mizani hizo katika mambo yaliyotokea.

Mwaka 2011 nchini Uingereza, karibu na mji wa Bristol, ilikuwapo hospitali ya watu wenye ulemavu wa akili iitwayo Winterbourne View. Mwuguzi mmoja wa cheo aliona wagonjwa wakiteswa. Akawaandikia wakuu wake; akawafikishia habari wakaguzi wa serikali; hakusikilizwa. Ndipo akawaendea waandishi wa BBC. Mwandishi mmoja akaajiriwa pale kuwa mhudumu, akakaa muda wa wiki tano na kamera iliyofichwa, na filamu yake ilipotangazwa mwezi wa Mei, watu waliona wagonjwa wanapigwa, wanaburutwa, wanamwagiwa maji. Hospitali ikafungwa. Mwaka 2012 wafanyakazi 11 walihukumiwa, na 6 kati yao wakafungwa jela. Sasa pimeni. Habari ilitoka kwa mkweli. Milango ya kawaida ilibishwa kwanza, ikafungwa. Na walioteswa hawakuwa na ulimi wa kujisemea. Hapa aliyenyamaza ndiye mwenye dhambi.

Na hapa kwetu Afrika ya Mashariki, mwaka 2020, waandishi wa BBC walifichua mjini Nairobi biashara ya kuuza watoto wachanga, wengine wameibwa mikononi mwa mama zao walalao njiani. Mtumishi mmoja wa hospitali ya serikali alinaswa na kamera akimtoa mtoto aliyetelekezwa kwa shilingi 300,000 za Kenya, naye mwaka 2023 mahakama ikamtia hatiani na kumfunga. Mtoto akishauzwa, akabadilishwa jina na nasaba, nani atamrudisha? Hili ndilo lisilorudi alilolitaja Al-Mawardi. Hatuwezi kumwambia mama aliyeibiwa mwanawe kuwa faragha ya mwuzaji ni tukufu kuliko uzazi wake.

Lakini sasa geuzeni upande wa pili.

Mwaka 1963, huko California, Marekani, waandishi wawili wa jarida la Life walikwenda nyumbani kwa mtu mmoja fundi bomba, aliyekuwa akitibu watu kwa majani na udongo. Walijifanya kuwa wametumwa na rafiki. Mmoja akajidai mgonjwa. Kamera ikafichwa, na katika mkoba mkawa na chombo cha kupeleka sauti hadi ndani ya gari lililokuwa nje. Picha yake ikatolewa katika jarida. Mtu yule alishitaki, na mwaka 1971 mahakama ya rufani ilithibitisha alipwe dola 1,000. Majaji walisema, kwa maana yake, kuwa mtu akimkaribisha mgeni nyumbani huingia katika hatari kuwa mgeni huyo atakwenda kusimulia aliyoyaona. Lakini hawajibiki kuingia katika hatari ya kuwa aliyoyasema na kuyatenda yatapelekwa kwa picha na sauti mbele ya umma. Hawakusema kuwa tiba yake ilikuwa ya kweli. Walisema kuwa nyumba yake ilikuwa nyumba. Ajabu iliyoje, watu wasiosoma Sura ya An-Nuur wameufikia mlango ule ule!

Na liko jambo zito kuliko hilo. Mwezi wa Agosti 2007, mjini Delhi nchini India, idhaa moja ya televisheni ilitangaza filamu ya kamera ya siri ikimwonyesha mwalimu wa kike, ikidaiwa kuwa anawatia wanafunzi wake katika uzinzi. Watu wakakusanyika shuleni, wakampiga, wakamrarua nguo. Polisi wakamkamata, na wakuu wa elimu wakamfukuza kazi. Kisha ikadhihirika kuwa habari ile ilikuwa ya kutungwa, na yule binti aliyeonyeshwa kuwa mwanafunzi hakuwa mwanafunzi. Mwandishi akakamatwa, idhaa ikafungiwa mwezi mmoja. Lakini nguo ya mwalimu yule ilikuwa imekwisha raruka. Watu hawakungoja kuuliza, kwa sababu waliona kwa macho yao. Na hapo ndipo penye hatari ya kamera, ndugu zetu: hudhaniwa kuwa haisemi uongo. Kumbe kamera huona pale ilipoelekezwa tu, na mkasi wa mhariri hukata neno la mwanzo na la mwisho, likabaki la katikati. Katika Sura ya Al-Hujuraat hiyo hiyo, aya ya 6, tumeamrishwa kuhakikisha habari inapoletwa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukawa wenye kujuta. Na sisi umma huu hatuhitaji kukumbushwa yaliyompata Mama wa Waumini, Bibi Aisha (r.a.), aliyezuliwa jambo, na mji mzima ukawa unalitia ulimini kwa muda wa mwezi, mpaka utakaso wake ukashuka kutoka mbinguni. Huyu alitakaswa kwa wahyi. Je, leo wahyi umekatika, mwalimu wa watu atatakaswa na nini?

Kuna suali jingine: uongo wa kuingilia. Mwaka 1992, watangazaji wawili wa kituo cha ABC cha Marekani waliomba kazi katika maduka ya chakula ya Food Lion kwa karatasi zenye maelezo ya uongo, wakaingia na kamera zilizofichwa, wakatangaza kuwa nyama mbovu inauzwa. Kampuni ikashitaki, si kwa kusema kuwa habari ile ni uongo, bali kwa njia iliyotumika kuipata. Baraza la wazee wa mahakama likaamua zilipwe zaidi ya dola milioni 5.5, lakini mwaka 1999 mahakama ya rufani ikazipunguza, zikabaki dola 2 tu: moja kwa kuingia mahali pa watu bila haki, na moja kwa kuvunja uaminifu wa mwajiriwa. Wengine walicheka dola mbili hizo. Sisi tunaona zina funzo. Fedha zilikuwa chache, lakini jina la kosa lilibaki kuwa kosa. Lengo jema halikuibadilisha njia mbaya ikawa njema. Liliipunguzia adhabu tu. Ndiyo maana mafakihi wetu wakasema kuwa dharura hukadiriwa kwa kiasi chake, na kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake.

Na la mwisho katika mifano hii ni la Ghana. Mwaka 2015 mwandishi Anas Aremeyaw Anas na wenzake walitoa filamu iliyowataja majaji na mahakimu 34, baadhi yao wakionekana kupokea fedha, na hata mbuzi, ili wapindishe hukumu. Wapatao 20 wa mahakama za chini waliachishwa kazi mwaka huo huo. Kuna walioshangilia, na kuna waliouliza: je, aliyempelekea hakimu rushwa ili amnase hakushiriki katika rushwa, hali ya kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji na mpokeaji? Rai yetu ni kuwa tutofautishe mambo mawili. Kuna mtu anayeingia katika soko la haramu lililokwisha funguliwa, ili ashuhudie yanayouzwa humo, na kuna mtu anayelijenga soko mwenyewe, akamwita mpita njia, akamshawishi siku baada ya siku mpaka akaanguka, kisha akasema, "Mwoneni mwizi!" Wa kwanza huenda akawa shahidi. Wa pili amefanya kazi ya Ibilisi, ambaye humpambia mtu maasi, kisha akajitenga naye.

Na katika kundi la waandishi hao alikuwamo kijana Mwislamu, Ahmed Hussein-Suale. Mwaka 2018 mwanasiasa mmoja aliionyesha picha ya uso wake katika televisheni, akahimiza apigwe. Tarehe 16 Januari 2019 akapigwa risasi mjini Accra, akafa. Nani aliyemwua, hilo ni la mahakama na la Mwenyezi Mungu. Sisi twachukua funzo moja: uso wa mtu ni amana. Uso ukitangazwa kwa hasira, huenda damu ikafuata. Na ikiwa uso wa mwandishi una haki hiyo, basi uso wa yule anayempiga picha nao una haki, na hata zaidi uso wa mtoto, na mgonjwa, na mpita njia ambao wameingia katika filamu bila ya kosa lolote.

Basi kwa kuyakusanya haya, tunaona kuwa asili ya kamera ya siri ni katazo, na aliyetaka kutoka katika katazo hilo ni juu yake kutimiza masharti.

Sharti la kwanza, liwe ni jambo la dhulma inayowapata watu wengine, si maasi baina ya mtu na Mola wake. Mlevi aliyejifungia chumbani kwake si habari. Daktari anayetibu hali amelewa ni habari.

La pili, iwepo habari ya mkweli kabla ya kamera kuingia. Kamera haitumwi kwenda kuvua, ikaleta itakachopata.

La tatu, njia za wazi ziwe zimejaribiwa zikashindikana, au ijulikane kwa yakini kuwa zikijaribiwa ushahidi utafichwa na mnyonge ataumizwa.

La nne, pawe ni mahali pa kazi na amana ya umma, si chumba cha kulala, wala choo, wala majlisi ya wanawake.

La tano, asishawishiwe mtu kutenda kosa ambalo hakuwa akilitenda.

La sita, mtuhumiwa asikilizwe kabla ya kutangazwa, na neno lake litangazwe bila ya kukatwa.

La saba, wasiohusika wafunikwe nyuso, na picha zisizotumika zisibaki zikizagaa mikononi mwa watu.

Mwandishi atakayeyatimiza haya tunamwombea dua, kwani amemsaidia ndugu yake dhalimu kwa kumzuia dhulma yake, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.). Na asiyeyatimiza, basi hata akipewa tuzo na walimwengu, ni mpelelezi.

Enyi ndugu, msidhani kuwa maneno haya ni ya waandishi wa habari peke yao. Leo kila kijana ana kamera mfukoni. Simu ya mkononi imewafanya watu wote kuwa watangazaji, bila ya mhariri wala mwalimu. Binti anapigwa picha harusini, ndani ya ukumbi wa wanawake waliojifungulia mitandio kwa kuaminiana, na kabla ya biriani kwisha picha imekwisha vuka bahari hadi Muscat. Mwizi wa kuku anapigwa na umati, na aliye karibu naye, badala ya kumwokoa, anaelekeza simu. Mwalimu anakasirishwa makusudi ili anaswe. Mke na mume wanagombana, mmoja anarekodi kwa siri, kisha anawapelekea jamaa. Huu ndio upelelezi ule ule wa Al-Hujuraat, nao umeingia katika nyumba zetu kupitia mikono ya watoto wetu.

Tena jueni kuwa katika jambo hili sheria za nchi zetu nazo zimeshikana mkono na dini. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 16, imemhakikishia kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na makazi yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 31, imesema mfano wa hayo. Na nchi zote mbili zimetunga sheria za kulinda taarifa za watu, Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Wala msingoje askari akufundisheni aliyokwisha kukufundisheni Mtume wenu.

Enyi wazazi, wafundisheni wana wenu hodi ya simu kama mlivyowafundisha hodi ya mlango: mtu haelekezewi kamera ila kwa idhini, na akikataa, turudi. Enyi wanafunzi, ikikufikieni picha ya aibu ya mtu, ifeni mikononi mwenu. Watu wetu husema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hiyo si hoja ya kisheria wala ushahidi wa kumfungia mtu. Mtu atosheke kuwa ni mwongo akisimulia kila alisikialo. Basi yakoje yake yule anayesambaza kila alionalo? Lakini mkiona dhulma ya kweli, mtoto anateswa, yatima analiwa mali, mgonjwa anaombwa rushwa, hapo msijifiche nyuma ya neno sitara. Pelekeni ushahidi kwa mwenye mamlaka ya kuondoa dhulma, na akikunyamazieni, mtafuteni mwingine, na mwingine tena, mpaka haki ipate mlango.

Na kwa kumalizia, ndugu Waislamu, tukumbuke kuwa juu ya kila mmoja wetu wako waandishi wasiolala, wanaoandika lililo dogo na lililo kubwa. Hao hawasingizii, wala hawakati maneno, wala hawaandiki kwa ajili ya kuuza. Siku ile daftari zitafunguliwa mbele ya viumbe wote. Nani kati yetu hatatamani siku hiyo kusitiriwa? Na Mtume (s.a.w.) ametupa bishara kuwa amsitiriye Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na Akhera. Njia ya kuipata sitara ile ndiyo hii tuliyo nayo leo, mikononi mwetu.

Ewe Mola wetu, zisitiri aibu zetu na uzitulize hofu zetu. Wape waandishi wetu ukweli na uadilifu, na wape mahakimu wetu mikono safi. Waokoe wanyonge walio nyuma ya milango iliyofungwa, wasiosikiwa na mtu ila Wewe. Walinde watoto wetu na macho ya hiana, na utulinde sisi tusiwe macho hayo. Warehemu waliokufa wakitetea haki, na wasamehe wazazi wetu na Waislamu wote, waume kwa wake, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.